Dawati la Nani?

Nianze na dawati. Nilipokuwa darasa la tatu, nusu yetu tulikuwa tunakaa sakafuni. Ikatoka amri: kila mzazi alete dawati. Baba yangu ni seremala. Akatengeneza moja la mninga, imara kweli, tukalipeleka kwa mkokoteni huku mimi najiona mfalme. Wiki haikuisha, mwalimu akalisogeza mbele, akamkalisha msichana mmoja asiyeona vizuri ubaoni, mimi akanirudisha sakafuni, nyuma kabisa. Nikarudi nyumbani nalia. Nilitegemea baba ataenda kugomba. Yeye akaniuliza tu:

"Kwani nililipeleka kwako au nililipeleka shule? Lingekuwa lako si ningeliacha hapa ukumbini?"

Siku hiyo sikumwelewa. Leo nimemwelewa nusu, na nusu hiyo ndiyo nataka tuijadili.

Kisa kilichonirudisha kwenye dawati lile kilitokea mbali, Marekani, katika miji miwili ya pwani ya California: Santa Monica na Malibu. Shule zake za serikali zilikuwa chini ya bodi moja. Tusidhani kwamba kwa kuwa nchi ni tajiri basi shule zote ni sawa. Zamani shule za California zilitegemea sana kodi ya nyumba na viwanja vya eneo lake. Eneo la wenye nazo, shule nono. Eneo la makabwela, shule kavu. Mwaka 1971, katika kesi ya Serrano dhidi ya Priest, Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema utaratibu huo hauwatendei haki watoto wa maskini. Mwaka 1978 wapiga kura wakapitisha Pendekezo la 13, likaibana kodi hiyo isizidi asilimia 1 ya thamani ya nyumba. Shule zikabanwa pia. Wazazi wenye uwezo wakaanza kuchangishana wenyewe ili muziki, uchoraji na walimu wasaidizi visipotee. Basi ile tofauti iliyotolewa mlangoni ikarudi kwa dirishani.

Ilifika mahali shule moja ya Malibu ikachangisha zaidi ya dola 2,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na shule nyingine ya Santa Monica isifikishe hata dola 100. Bodi ile ile, serikali ile ile. Novemba 2011 bodi ikaamua kwamba fedha za kuwalipa wafanyakazi na mafunzo ya ziada zichangwe kwa pamoja, ziingie mfuko mmoja wa elimu, zigawiwe shule zote. Wazazi wengi wa Malibu wakaja juu. Baadaye wakaanza kuchangisha upande wao, na madai ya kuwa na bodi yao wenyewe yakapamba moto.

Ni rahisi kuwacheka. Eti matajiri wachoyo! Lakini tujiulize: mzazi anayempenda mwanawe kuliko mtoto wa jirani ana kosa gani? Mapenzi ndiyo yanayomtoa mtu kitandani kwenda kikaoni. Ukimwambia shilingi yake haitamfikia mwanawe, huenda akafunga mkoba, au akamhamishia mtoto shule ya kulipia. Hapo wote wamekosa. Mji wa Portland, jimbo la Oregon, ulijaribu njia ya katikati kwa miaka mingi: shule ilibaki na dola 10,000 za kwanza ilizochangisha, na theluthi moja ya zilizozidi ikaenda mfuko wa pamoja. Hoja hii siidharau hata kidogo.

Hata hivyo, naona kuna kitu tunakichanganya. Mzazi akimnunulia mwanawe gitaa nyumbani, hilo ni lake, hakuna wa kumhoji. Lakini akimlipa mwalimu wa muziki afundishe ndani ya shule ya umma, saa za shule, hapo ameshika kitu cha wote. Tena huko Marekani sheria humruhusu mtoaji kuupunguza mchango wa namna hiyo katika mapato yanayotozwa kodi. Maana yake pengo hilo la kodi linabebwa na wote, hata mama wa yule mtoto ambaye shule yake haina mwalimu wa muziki. Sasa mchango unaorudi kwa mwanangu peke yake, na wengine wanausaidia kuulipia, ni mchango kweli? Mimi nauita manunuzi. Si dhambi kununua. Dhambi ni kununua halafu ukataka kushukuriwa kama mfadhili.

Na kugawa sawa sawa napo hakutoshi. Mwalimu wangu angegawa madawati kwa kura, yule msichana angeweza kuangukia nyuma, asisome kitu. Usawa ungekuwepo, haki isingekuwepo.

Hapa ndipo mdomo wangu unapokuwa mzito. Ada ilifutwa hapa kwetu Tanzania hadi kidato cha nne tangu 2016, lakini twisheni ipo. Mwaka jana shuleni kwa binti yangu yalianzishwa masomo ya ziada baada ya saa za darasa, kwa malipo. Darasa ni lile lile, mwalimu yule yule, chaki ya serikali. Nililipa. Siku moja nikawahi kumfuata, nikamkuta mwenzake wa dawati moja amesimama nje ya dirisha, anasikiliza. Aliponiona akaniamkia, "Shikamoo baba," akaondoka taratibu. Marahaba yangu ilinikwama kooni.

Sikumtoa binti yangu. Nasema ukweli, sikumtoa, na mwezi uliofuata nililipa tena. Nilichofanya ni kusimama kwenye kikao cha wazazi, nikaomba tuchange chungu kimoja, kila mtu kwa uwezo wake, na watoto wote wabaki darasani. Wengine walikubali. Mmoja akaniuliza: "Ndugu yangu, wa kwako yumo ndani. Unahangaika nini?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimsimulia habari za dawati. Wewe ungemjibuje?