Kuku wa Sekunde Kumi

Zamu yangu ya upatu ilipofika, sikununua kitanda wala sikulipa deni la dukani. Nilikata leseni ya mwaka ya programu ya katuni, ile niliyosikia inatumiwa na studio kubwa za Marekani. Wakati huo nilikuwa sijawahi kuchora hata mpira ukidunda.

Kompyuta yangu, mtumba wa memori ya GB 4, ilinguruma kama mashine ya kukoboa. Miezi mitatu nilihangaika na vitufe, iliyobaki niliimaliza kwa kesho na kesho kutwa. Leseni ilipoisha, kazi zangu zikafungwa nayo, kwa kuwa hakuna programu nyingine iliyoweza kuzifungua. Kumbe nilikuwa nimepanga chumba: kodi imekwisha, nimetolewa, vyombo vimebaki ndani.

Mwaka 2025 filamu ya Flow, ya paka katika mafuriko, ikatwaa Oscar. Nikasikia imetengenezwa kwa Blender, programu isiyolipiwa hata senti. Nikaikimbilia. Sikujali kwamba mwongozaji wake, Gints Zilbalodis wa Latvia, alishatengeneza filamu nzima peke yake, Away, mwaka 2019. Usione vyaelea, vimeundwa.

Nikaunda kuku wa sekunde 10. Sekunde moja ni picha 24, na kila picha kompyuta yangu iliikamilisha kwa dakika 6. Piga hesabu: saa 24 bila kuzima. Usiku wa manane umeme ukakatika. Nilikuwa nahifadhi video moja badala ya picha mojamoja, hivyo asubuhi sikukuta hata unyoya.

Ndipo nilipoelewa kwamba cha bure kwa mfuko kinaweza kuwa ghali kwa mkono. Vipimo ni vitatu: mfuko, mkono na mashine. Programu ikikosa kimoja, haijawa yako. Anayeanza aanze na nyepesi ya bure, kama Pencil2D; mkono ukizoea, Krita; mashine ikipata nguvu, Blender. Leseni ya kulipia isubiri mteja atakayeilipa.

Siku hizi nachora kwa Pencil2D, picha 12 kwa sekunde, kila moja ikionekana mara mbili. Kwa sekunde 10 ni michoro 120, kazi ya jioni kadhaa. Kuku wangu anavuka barabara. Anachechemea, lakini anafika.