Sitara na Wepesi: Hoja Kuhusu Faragha na Mikopo ya Simu

Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe nchini Kenya mwezi Machi 2007, mjadala kuhusu faragha ya mtumiaji wa simu umeendeshwa zaidi na wanasheria na wahandisi kuliko wahakiki wa fasihi. Hali hii si ya ajabu, ila ina hasara yake. Suala lenyewe hubanwa likawa la mizani tu: mtu apate wepesi kiasi gani, na kwa wepesi huo atoe siri zake kiasi gani? Makala haya yanadai kwamba mizani hiyo imetungikwa vibaya, na kwamba Kiswahili chenyewe kina dhana zinazotuwezesha kuliona kosa hilo.

Wapo wanaoshikilia kwamba faragha ni dhana ya kigeni, iliyotujia na kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ilhali Mwafrika aliishi mlango wazi. Hoja hii haina mashiko. Mswahili ana siri, ana sitara, ana kunga. Na maneno haya matatu hayana maana moja. Siri ni jambo lisilosemwa. Sitara ni kifuniko ambacho aghalabu mtu humfunika mwenzake: fulani kamsitiri fulani, yaani alijua na hakutangaza. Kunga nazo hutolewa, tena hutolewa kwa ukamilifu, lakini kwa yule aliyefikia wakati wa kupewa. Aidha, itazame leso. Jina lake limechapwa kwa herufi kubwa na mvaaji hupita nalo barabarani mchana. Hata hivyo ujumbe una mlengwa wake, naye hujijua. Yamkini basi faragha katika utamaduni huu haikuwa kujificha. Ilikuwa mamlaka ya mtu kuichagua hadhira yake.

Tuichukue fasili hii tuitie katika mikopo. Hapo awali, na hata sasa vijijini na mitaani, mwenye upungufu wa unga au sukari huenda kwa mwenye duka, akaandikwa daftarini. Mwenye duka hujua mengi: nani kapunguza mafuta, nani ana mgeni, nyumba gani mshahara haujafika. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Lakini tusimpambe. Mwenye duka ana mdomo, na mwanamke aliyekopa asubuhi anajua kuwa kufikia jioni mawifi watakuwa wamepata habari. Kwa mwanamke huyo, mkopo wa M-Shwari uliozinduliwa Novemba 2012, na programu kama Tala na Branch zilizofuata, ulikuja kama sitara: hakuna mdhamini, hakuna macho ya jirani, hakuna kusimama mbele ya kaunta kueleza mume alikokwenda. Anayewakejeli wakopaji wa simu kuwa wameuza siri zao kwa shilingi mia tano hajafikiri juu ya siri waliyoilinda kwa shilingi hizo hizo.

Hivyo wepesi na faragha havikukaa katika vitanga viwili vinavyopingana. Mkopaji aliikimbia hadhira moja akaangukia mikononi mwa nyingine. Ile ya kwanza aliijua kwa jina, naye aliweza kuijibu; mwenye duka mwenyewe alikuwa na watoto, madeni na aibu zake, zote zikijulikana mtaani. Hadhira ya pili haionekani. Programu za mikopo ziliomba idhini ya kusoma jumbe fupi zilizomo simuni, zikiwemo zile za kuthibitisha malipo. Ujumbe ulioandikiwa mtu mmoja ukasomwa na asiyekusudiwa. Kutokana na vipande hivyo mtambo humwunda mkopaji upya, akawa yule ambaye E. M. Forster mwaka 1927 angemwita mhusika bapa: sifa moja, analipa au halipi. Mhusika wa riwaya, angalau, hana haja ya kupinga alivyosawiriwa.

Mtetezi wa makampuni atajibu kwamba mtu alikubali. Jibu hili lina uzito kidogo, si mwingi. Mwaka 2023 umati ulipiga foleni jijini Nairobi ili mboni zake zipigwe picha na Worldcoin kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takribani shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha shughuli hiyo Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Mahakama haikutosheka na ridhaa iliyovutwa kwa chambo, nasi hatuoni sababu ya kutosheka nayo.

Hata hivyo, tukiikubali ridhaa kuwa kamili, bado yupo mtu ambaye mizani ile haimtaji kabisa. Simu ya mkopaji ina orodha ya majina: fundi, shangazi, mwalimu wa mtoto. Hao hawakukopa. Hawakuonja wepesi wowote. Deni lilipochelewa, ndio waliopigiwa na kutishwa, na siri ya mkopaji ikawafikia wale wale aliokuwa akijisitiri kwao. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza kuwasumbua watu wa orodha hiyo; Google nayo mwaka 2023 ilizizuia programu za mikopo kuifikia. Septemba ya mwaka huo Kamishna wa Data aliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na nambari zilizopatikana kupitia watu wengine kutuma vitisho. Shangazi yule angeulizwa lini, na nani, iwapo anakubali? Kitufe cha kukubali kilikuwa katika simu ya mpwa wake.