Haki ya Akaaye Juu ya Mgodi

Nyumba husimama juu ya mambo mawili: ardhi na imani. Ardhi huchukua uzito wa kuta, na imani humwezesha mwenye nyumba kulala usingizi. Mtu ajengapo huchagua mawe, huchagua mbao, huchagua fundi. Lakini ardhi yenyewe haichunguzi kila asubuhi, kwa maana aamini kuwa ya leo ni ile ile ya jana. Itakuwaje, basi, ikiwa mtu mwingine anaichimba ardhi hiyo kwa chini, tena kwa haki aliyopewa na sheria? Je, mwenye nyumba ana haki ya kulalamika, au hofu yake ni hofu ya mjinga? Swali hili limewashughulisha watu wa nchi zenye makaa ya mawe kwa zaidi ya miaka 100, na jibu lake latuhusu hata sisi tusiokaa karibu na mgodi.

Kwanza yafaa tujue jinsi jambo lenyewe linavyotokea. Makaa ya mawe hulala ardhini kwa matabaka, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Ziko njia mbili kubwa za kuyachimba huko chini. Katika ya kwanza, wachimbaji hukata vyumba ndani ya tabaka, na baina ya chumba na chumba huacha nguzo za makaa yale yale ili zishikilie miamba ya juu. Katika ya pili, mashine hukata ukuta mrefu wa makaa, na kila isongapo mbele, miamba iliyo nyuma yake huachwa ianguke kwa makusudi. Kwa njia hii ya pili ardhi ya juu hutitia upesi. Kwa ile ya kwanza yaweza kutulia miaka mingi, kisha nguzo zikachoka na kuvunjika wakati wachimbaji wenyewe wamekwisha kusahauliwa. Mwenye nyumba haoni lolote katika hayo. Aonacho ni mlango uliokataa kufungika, ufa upandao ukutani kama ngazi, na kisima kilichokauka.

Huko Pennsylvania, nchini Marekani, jambo hili lilifikishwa mbele ya majaji. Mwaka 1878 kampuni moja ya makaa iliuza kiwanja cha juu, ikajiwekea haki ya kuchimba makaa yote ya chini. Hati ilisema wazi kwamba mnunuzi amekubali hatari, wala hatadai fidia. Mwaka 1921 Bwana na Bibi Mahon, waliokuwa na nyumba juu ya kiwanja hicho, walipata taarifa kwamba uchimbaji ungefika chini yao karibuni. Mwaka huo huo bunge la jimbo lilikuwa limekwisha kupitisha sheria ya kukataza uchimbaji wa kudidimiza nyumba za watu, nao wakaishika sheria hiyo kuwa ngao. Lakini mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi yao. Jaji Oliver Wendell Holmes alieleza kuwa serikali ikiibana mali ya mtu kupita kiasi, ni sawa na kuitwaa, na kinachotwaliwa sharti kilipiwe. Jaji Louis Brandeis alipinga peke yake: kwake yeye, kuzuia matumizi yenye kuudhuru umma si kumnyang'anya mtu mali.

Tusimdharau Holmes. Ahadi ni deni, na aliyenunua juu bila ya chini hakununua chini. Kama kila mtu aweza kukubali sharti leo na kulikana kesho, mkataba wa nani utasimama? Tena faida ya makaa haikuwa ya kampuni peke yake: makaa yalitia joto nyumba za mijini, yaliendesha magarimoshi, na yaliwapa maelfu ya watu kazi. Pengine mwenye nyumba alalamikaye amepikia chakula makaa yaliyotoka chini ya nyumba ya mwenzake.

Hata hivyo, liko jambo ambalo hati haiwezi kulimaliza. Wawili wakifunga mkataba, haki yataka wote wawili wajue wanachokikubali. Kampuni ina ramani na wahandisi. Yajua kina cha tabaka na siku ya kulifikia. Mwenye nyumba ana sahihi tu, na pengine si yake, ni ya marehemu aliyeinunua ardhi kabla yake. Mmoja hubahatisha faida, na mwingine hubahatisha mahali wanapolala watoto wake. Zaidi ya hayo, mkataba hufunga waliotia sahihi, lakini ardhi ididimiapo haimwulizi mtu sahihi yake. Humkuta mpangaji, mgeni, jirani na mpita njia.

Pennsylvania yenyewe iliendelea kulifikiri jambo hilo. Mwaka 1966 ilipata sheria nyingine, na kwa kanuni zake wachimbaji walitakiwa waache nusu ya makaa yaliyo chini ya nyumba za watu, majengo ya umma na makaburi. Kampuni zilishtaki tena, lakini mwaka 1987 Mahakama ya Juu iliikubali sheria hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4. Mwaka 1994 jimbo liligeuza mwendo: uchimbaji chini ya nyumba uliachiwa nafasi zaidi, ila mchimbaji alibebeshwa wajibu wa kuitengeneza au kuilipia nyumba iliyoharibika, na wa kurudisha maji yaliyopotea. Nchini Ujerumani, sheria ya migodi ya mwaka 1980 ilikwenda mbele hatua nyingine. Nyumba iliyo katika eneo la uchimbaji wa chini ikipata dhara la namna iletwayo na mgodi, hudhaniwa kuwa mgodi ndio uliolileta, mpaka kinyume chake kithibitishwe. Hii ni busara. Mzigo wa kuthibitisha umewekwa begani mwa yule mwenye ramani.

Basi mwenye nyumba akija na hofu yake, ajibiwe nini? Asiambiwe, "Usiogope." Neno hilo halishikilii ukuta. Aambiwe tabaka liko kina gani, litachimbwa lini, na kwa njia ipi. Nyumba yake ichunguzwe na kupigwa picha kabla ya uchimbaji, ili ufa mpya usiitwe wa zamani, wala wa zamani usiitwe mpya. Maana mwenye nyumba naye ana wajibu wa kusema kweli. Aambiwe ni nani atakayelipa, na kwa muda gani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: mhandisi arudiye kulala mji mwingine hana budi kumsikiliza yule alalaye juu ya mgodi.

Muda huo wa kulipa ni jambo kubwa. Katika bonde la Ruhr, Ujerumani, ziko sehemu zilizodidimia zaidi ya mita 20. Mgodi wa mwisho wa huko, uliokuwa Bottrop, ulifungwa mwaka 2018, lakini pampu za kuondoa maji hazikufungwa pamoja nao. Zikisimama, sehemu za miji zitageuka maziwa. Faida ilikuwa na mwisho, na wajibu umebaki.

Nasi tunaokaa Kenya tusidhani kuwa hadithi hii ni ya wageni. Makaa ya mawe yamegunduliwa katika bonde la Mui, huko Kitui. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, yahesabu madini yote kuwa katika ardhi ya umma. Maana yake ni kwamba mwenye shamba ana hati ya juu, na utajiri wa chini ni wetu sote. Ikiwa ni hivyo, basi wewe nami, msomaji, ni majirani wa chini wa kila mwenye nyumba katika nchi hii. Siku mmoja wao atakapouliza kwa hofu ni nini kinachofanyika chini ya sakafu yake, atakuwa akituuliza sisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa kwanza kuzibwa ni ule uliopo baina ya anayejua na asiyeambiwa.