Adhabu ya TRA isilipwe kwa fedha za yatima

 

Ndugu yangu Muislamu, mwaka jana nilipanda Malindi kuhani msiba. Nasema Malindi ya Lushoto, si ile ya Kenya, wala ile ya Unguja mjini iliyo karibu na bandari. Ni hii ya juu, ukishapita Lushoto mjini na msitu wa Magamba, kwenye baridi, viazi na kabichi. Baada ya swala ya Adhuhuri wazee watatu wa jumuiya moja inayoendesha madrasa na kulea yatima waliniita pembeni. Nilidhani ni swali la mirathi au la talaka, maana ndiyo mazoea. Mara hii walikuwa na bahasha ya TRA.

Ndani yake yaliandikwa madai ya adhabu kwa kutopeleka ritani za kodi. Jumla yake ilikuwa kubwa kuliko fedha yote waliyokuwa nayo benki. Mweka hazina wao, mwalimu mstaafu ambaye pale kijijini hakuna anayetilia shaka uaminifu wake, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Sheikh, sisi hatuuzi kitu. Tunalisha watoto na kuwasomesha. Kodi ya nini?"

Swali lake ndilo wanalouliza viongozi wengi wa taasisi zetu, kwa hiyo tulijibu kwanza. Jumuiya ile ilichukua namba ya mlipakodi, yaani TIN. Siku uliyochukua namba hiyo umeingia katika orodha ya wanaotakiwa kupeleka ritani, uwe na faida au usiwe nayo. Kutambuliwa na Kamishna kuwa taasisi ya hisani kunahitaji kuombwa kwa maandishi na kujibiwa kwa maandishi. Hakuji kwa sababu jina la taasisi lina neno "yatima" au "Islamic". Na hata aliyetambuliwa hajaondolewa wajibu wa kueleza mapato na matumizi yake kila mwaka.

Nadhani wengi tulichanganyikiwa mwaka 2009. Wakati wa bajeti ya mwaka ule ilipendekezwa kuondolewa misamaha ya kodi kwa taasisi za dini, viongozi wa dini zote wakapiga kelele, serikali ikarudi nyuma. Mitaani tukasema "tumesamehewa" na kulala. Msamaha uliokuwa ukizungumzwa ni wa kodi kwenye bidhaa na vifaa, si ruhusa ya kutopeleka hesabu.

Sasa tazama mzigo wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inaweka adhabu kwa kila mwezi, au sehemu ya mwezi, ambao ritani imechelewa. Kwa taasisi, adhabu hiyo ni asilimia 2.5 ya kodi ambayo haijalipwa au pointi 15 za fedha, kile kilicho kikubwa. Sheria ilipotungwa pointi moja ilikuwa shilingi 15,000. Piga hesabu: shilingi 225,000 kwa mwezi, hata kama kodi yenyewe unayodaiwa ni sifuri. Ritani moja ikichelewa miezi 18, kwa kiwango hicho ni shilingi 4,050,000. Hiyo ni ritani moja tu, na kuna ya makadirio mwanzoni mwa mwaka na ya mwisho miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kufungwa. Sasa mtu akae miaka mitatu!

Wazee wale walikuwa na mapendekezo matatu. Wa kwanza alisema tuiache barua, hawatapanda mpaka huku milimani. Huyo tulimwambia kwamba kila mwezi anaokaa kimya unaongezwa kwenye deni, tukaendelea.

Wa pili alisema apo kijana mjini mwenye kompyuta na mhuri, anaweza kutengeneza risiti za miaka mitatu kwa usiku mmoja. Hapa ndugu zangu tusimame. Mtume (saw) alipokuwa akiyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, na alipofika kwenye ushahidi wa uongo akakaa sawasawa, akalirudia neno hilo hadi maswahaba wakatamani anyamaze. Risiti ya kughushi ni ushahidi wa uongo uliopigwa mhuri. Utasema unamtetea yatima, na huku unamfundisha kwamba nyumba yake inasimama juu ya uongo.

Lakini kujenga upya hesabu zilizopotea si kughushi, na ni muhimu tutofautishe. Nenda benki ukaombe taarifa ya akaunti. Fungua simu za viongozi, utoe mihamala ya michango. Nenda kwa mwenye duka aliyewauzia unga na maharage, ana daftari lake. Walimu wa madrasa waandike walipokea kiasi gani na miezi gani, watie saini, na tarehe iwe ya leo, si ya mwaka juzi. Pale ambapo kumbukumbu hakuna, andika kwamba hakuna. Kisha mpelekee mhasibu anayetambuliwa na Bodi ya Wahasibu na Wakaguzi, NBAA, azipange na kuzithibitisha. Itagharimu, naam. Ni nafuu kuliko mwezi mwingine wa adhabu.

Wa tatu ndiye aliyenifanya niandike makala hii. Alisema, kwa nia safi kabisa: "Fedha za yatima si zipo? Tulipe, yaishe, tuanze upya." Na wengine wakatikisa vichwa kukubali. Nikawaambia: hapana. Hilo ndilo msilolifanya.

Fedha ile ilitolewa na watu waliosema kwa ndimi zao ni ya chakula, sare na madaftari ya watoto. Wanavyuoni wetu wamelisisitiza sana sharti la mwenye kutoa wakfu au sadaka maalum, kwamba lifuatwe na lisigeuzwe kwa matakwa ya msimamizi. Qur'an (4:10) inawaonya wanaokula mali ya yatima kwa dhulma kwamba wanakula moto matumboni mwao. Aya haikumtaja yule anayekula kwa kutia mdomoni peke yake. Mali ikishatoka kwenye njia yake na yatima akalala njaa, imeliwa.

Lazima pia tutenganishe kodi na adhabu. Kodi iliyotokana na shughuli halali ya jumuiya, kwa mfano kodi ya pango la maduka ya msikiti, ni gharama ya shughuli hiyo na italipwa kutoka humo humo. Adhabu ya kuchelewa ni jambo jingine. Imezaliwa na uzembe, na uzembe una mwenyewe. Mafuqaha wanasema mwenye kushika amana hadhamini kilichopotea bila ya uzembe wala kuvuka mipaka. Ghala likiungua kwa radi, hana deni. Lakini aliyeacha mlango wazi akaenda zake, anadhamini. Miaka mitatu bila daftari, na barua mbili za kukumbusha zilizowekwa kwenye kabati bila kufunguliwa, ni mlango ulioachwa wazi.

Je, zaka? Ametokea mtu akasema jumuiya ina deni, na wenye madeni ni miongoni mwa mafungu manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba (9:60). Mimi sioni hivyo. Mdaiwa hapa kwa haki ni wasimamizi. Ikiwa mmoja wao ni fukara na deni likamshinda, basi yeye kama mtu binafsi huenda akaingia katika fungu hilo, na mashekhe waulizwe. Lakini hilo halifungui kisanduku cha yatima.

Nilipofika hapo yule mwalimu mstaafu aliinamisha kichwa. Akasema: "Kwa hiyo ni mimi." Nikamjibu, si wewe peke yako, mzee wangu. Nabii Yusuf (as) alipoomba awekwe juu ya hazina za nchi alitaja sifa mbili, kwamba yeye ni mtunzaji na ni mjuzi (12:55). Sisi tukichagua mweka hazina tunaangalia sifa ya kwanza tu. Tunamtafuta mcha Mungu, asiyekosa swala ya Alfajiri, tunamkabidhi fedha, halafu hatumpi daftari, hatumpi mafunzo, hatumpi hata nauli ya kwenda Tanga. Na mkutano mkuu unapofika akisema "hesabu zipo salama" tunapiga takbir. Kwa hiyo kamati nzima imeshiriki uzembe ule, na mkutano mkuu uliopiga takbir nao una fungu lake.

Na kuulizwa hesabu si kutuhumiwa. Mtume (saw) alimtuma mtu mmoja wa kabila la Azd kukusanya zaka za Bani Sulaym. Aliporudi, Mtume alimfanyia hesabu, na hapo ndipo ilipobainika kuwa ametenga zawadi zake mwenyewe pembeni. Ikiwa sahaba alikaguliwa na Mtume, nani katika sisi ataona haya akiombwa vocha? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an (2:282) inahusu kuandika madeni, na inatukataza tusichoke kuandika, dogo au kubwa. Tunaihifadhi kwa moyo na mifukoni hatuna kalamu.

Wapo watakaosema kodi zenyewe zina dhulma ndani yake. Huenda, na mlango wa kuisema dhulma upo. Lakini jumuiya ilijiandikisha kwa hiari yake na kusaini masharti, na tumeamrishwa kutimiza ahadi (5:1).

Basi wafanye nini? Kwanza wapeleke ritani zote zilizochelewa, ili adhabu iache kuongezeka. Kama kiasi kilichokadiriwa kina makosa, pingamizi liwekwe kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu kupokea makadirio. Nimeona taasisi ikipoteza haki yake kwa sababu barua ilisubiri kikao cha kamati baada ya Idi. Sambamba na hayo waandike barua ya kuomba adhabu ipunguzwe, kwani sheria inampa Kamishna Mkuu uwezo huo mtu akionesha sababu ya msingi. Barua hiyo iseme ukweli: hatukuwa na mhasibu, hatukujua, tumekosea, hizi hapa hesabu na huyu hapa mhasibu tuliyemweka. Mwaka 2018 ulitolewa msamaha wa asilimia 100 wa riba na adhabu kwa walioomba na kulipa kodi ya msingi, na taasisi nyingi zetu hata hazikusikia. Fursa ya namna hiyo si ya kila mwaka. Kitakachobaki waombe kukilipa kwa awamu.

Na kitakachobaki kilipwe na nani? Kamati ichange kwanza, kila mtu kwa uwezo wake. Kisha msikitini litangazwe jambo lenyewe kwa jina lake: mchango wa kulipa adhabu iliyotokana na makosa yetu. Anayetaka kutoa atatoa akijua. Tusitangaze "mchango wa yatima" huku tunajua unakwenda wapi.

Wewe msomaji uliyeko Kariakoo, Magomeni au Tanga mjini, nawe umo humu. Ni wewe unayetuma shilingi 20,000 nyumbani kila Ramadhani kwa namba ya simu binafsi ya ustadh, kwa sababu ni rahisi. Fedha hiyo inachanganyika na ya mboga na ya ada ya mwanawe, na mwaka ukiisha hata yeye mwenyewe hawezi kusema ipi ilikuwa ya nani. Tuma kwenye akaunti ya jumuiya, omba stakabadhi, na ukinyimwa uliza kwa adabu. Na kama wewe ni mhasibu, zipo jumuiya huko kwenu zinazohitaji siku mbili zako kwa mwaka kuliko zinavyohitaji noti yako.

Wazee wa Malindi walifanya kikao siku ile ile baada ya Laasiri. Mwalimu mstaafu alileta bati la biskuti lililojaa karatasi, na vijana wawili waliomaliza kidato cha nne wakaanza kuzipanga kwa miezi sakafuni mwa madrasa. Nilipowapigia simu mara ya mwisho, ritani zilikuwa zimeshapelekwa na jibu la barua yao lilikuwa bado halijaja. Mchango wa adhabu una daftari lake peke yake, na jina la kwanza lililoandikwa humo ni la mwalimu.