Kazi ya Mtoto na Mkono wa Mzazi

Swali ninalotaka kulichungua hapa ni dogo kwa umbo, na watu wengi hulipita bila ya kuligeukia. Mtoto wa miaka saba au minane ametumwa na mwalimu wake atengeneze kitu nyumbani: kikapu, gari la waya, mnyama wa udongo au mwanasesere wa matambara. Jioni imeingia, kitu hakijawa kitu, na mtoto analia. Mzazi anakichukua, anakimaliza kwa muda mfupi, na asubuhi mtoto anakwenda nacho shuleni kama kazi yake. Je, mzazi huyo ametenda wema au ametenda ubaya? Na ikiwa pana uongo katika jambo hilo, ni uongo wa nani?

Wako watakaosema kuwa kichezeo hakistahili kuandikiwa insha. Mimi nilikuwa katika kundi lao kwa miaka mingi. Hata katika chuo nilikosomea ualimu tulifundishwa kukata karatasi, kufinyanga na kusuka, tukapewa alama kwa unadhifu wa vitu tulivyovileta, wala hapana aliyetuuliza ni mikono ya nani iliyovifanya. Nilitoka chuoni na jicho lile lile la kupenda kitu kilichonyooka, na jicho hilo ndilo lililonikosesha.

Nafundisha madarasa ya chini karibu na Sagana, mji mdogo wa Kirinyaga ulio kando ya mto wenye jina hilo. Maji ya mto huo hushuka kutoka Mlima Kenya, na mbele huwa ndiyo Tana, mto mrefu kuliko yote katika nchi yetu. Anayetoka Nairobi kwenda Nyeri au Nanyuki kwa kawaida hupita hapa, akanunua ndizi au samaki, akaenda zake. Kwa mtoto anayetaka kufanya kitu, nchi hii haina uhaba. Migomba ipo kila ua, na majani yake makavu husokotwa yakawa kamba au mpira. Mabua ya mahindi hukatwa yakawa ng'ombe, nyumba na miwani. Upande wa Mwea, kwenye mashamba ya mpunga, upo udongo mweusi unaonata kama ugali. Tangu ilipoanza kupanuliwa barabara kuu iendayo Nyeri, wavulana wa kwetu wameacha magari madogo ya waya, sasa wanatengeneza matingatinga yenye mikono ya kuchotea mchanga. Mipira ya mifuko ya nailoni nayo ilipungua baada ya sheria ya Agosti 2017 iliyopiga marufuku mifuko hiyo, na majani ya mgomba yakarudi katika heshima yake ya zamani. Nalitaja hili kwa furaha, maana ni nadra sheria ya watu wazima kumrudishia mtoto kichezeo cha babu yake.

Januari 2019 mtaala wa umilisi ulianza kutumika nchini kote katika madarasa ya awali na gredi tatu za mwanzo, na kazi za mikono zikapata cheo walichokuwa wakikitamani waalimu wengi. Fikira yenyewe si ngeni ulimwenguni. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua skuli yake ya watoto wadogo mwaka 1837, aliwapa watoto mipira, vipande vya mbao, karatasi za kukunja na udongo, akiamini kuwa akili ya mtoto huamka kwa njia ya vidole. Lakini fikira njema inapoingia katika nyumba za watu hukutana na uchovu, umaskini na haya. Wazazi walilalamika kuwa kazi ya mtoto imekuwa kazi yao, na mwaka 2021 mzazi mmoja alifikisha shauri la kuupinga mtaala huo mbele ya Mahakama Kuu. Sitaki kuingia katika shauri la mahakama. Nataka kueleza shauri lililotokea ndani ya darasa langu, ambalo mshitakiwa wake ni mimi.

Niliwaagiza watoto wa gredi ya tatu walete kikapu kilichosukwa. Niliwapa majuma mawili. Siku ilipofika, mvulana mmoja alileta kiondo kizuri ajabu: duara lake timilifu, rangi zake zimepangwa kwa mistari, mikanda yake ya ngozi, na ndani kina bitana ya kitambaa. Msichana aliyeketi karibu naye alileta kiondo cha mkonge kisicho na rangi, kimevimba ubavuni kama mtu mwenye jipu shavuni, na mdomo wake umekwenda upande. Nilikitundika cha mvulana ukutani mbele ya wote. Msichana nilimwambia ajitahidi zaidi.

Baada ya siku chache nilitaka mvulana awaonyeshe wenzake jinsi kiondo kinavyoanzwa. Alisimama, akakitazama kile kiondo ukutani kama mgeni anavyoitazama nyumba ambayo hakualikwa kuingia. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kile kilinunuliwa Karatina." Darasa lilicheka. Yeye hakucheka, na macho yake yalijaa maji. Nilipouliza ni nani awezaye kutuonyesha, yule msichana alichukua nyuzi, akazipanga msalaba juu ya meza, akaanza. Vidole vyake vilikwenda polepole, lakini vilijua vinakokwenda.

Nilimwuliza alifundishwa na nani. Akasema, "Nyanya alinianzia kitako, halafu mimi nikaendelea. Hapa palipovimba nilivuta vibaya, nikamwomba anifumulie anisukie tena, akakataa."

Neno hilo "akakataa" lilinisumbua, nami jioni moja nikaenda kwao kumwamkia yule mama mzee. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, akisokota uzi juu ya paja lake kama walivyofanya wanawake wa Kikuyu na wa Kamba tangu zamani, kabla ya mkonge, nyuzi zilipokuwa zikitolewa katika magome ya vichaka. Nilimwuliza kwa nini hakumsaidia mjukuu wake mahali palipomshinda. Alinitazama kwa mshangao. "Nilimsaidia, mwalimu. Kitako ndipo pagumu, nami nilimfanyia. Nikimfanyia na mwisho, atakuwa amejifunza nini ila kungoja?"

Nilirudi kwangu nikilitafakari jibu hilo. Kiondo huanza chini, katikati ya kitako, nyuzi za kusimama zikipishana mahali pamoja na nyuzi za kuzunguka zikizifunga. Hapo ndipo mkono usiozoea hupotea. Bibi huyo alichukua ugumu wa mwanzo, akamwachia mtoto safari ndefu ya kupanda hadi mdomoni, pamoja na makosa yake yote na heshima yake yote. Sisi wazazi wa siku hizi hufanya kinyume. Humwambia mtoto aanze peke yake, pale asipojua lolote, na anaposhindwa hujitokeza mwishoni tukamnyang'anya. Misaada hii miwili yafanana kwa jina tu. Wa kwanza humfungulia mtoto mlango, naye akapita kwa miguu yake. Wa pili humbeba mtoto na kumtua upande wa pili, kisha humtaka awaambie watu kuwa alitembea.

Hapo ndipo ubaya ulipo, kwa kadiri nionavyo. Mtoto aliyekosa kiondo hana hasara kubwa. Mwenye hasara ni yule aliyesifiwa kwa kitu kisicho chake. Mvulana yule alikaa siku kadhaa chini ya kiondo kilichotundikwa, na kila nilipokisifu alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kumwaibisha baba yake au kuificha kweli. Huo ni mzigo ambao hata mtu mzima huupepesukia, nasi tuliutwika juu ya mabega ya mtoto wa miaka minane, tukauita upendo.

Lakini ni nani aliyesema uongo? Baba alinunua kiondo, wala hakusema alikisuka mtoto. Mtoto alikiweka mezani akanyamaza. Basi nabaki mimi. Nathubutu kukiri kuwa mara nilipoiona ile bitana nilijua kuwa hakuna mtoto wa gredi ya tatu awezaye kuishona. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa ukuta wa darasa langu ulipendeza. Sikudanganywa, nilitaka kudanganyika. Mwalimu akipenda unadhifu kuliko ukweli, wazazi hulifahamu jambo hilo upesi, na kila mmoja hutafuta unadhifu mahali unapopatikana, kwa mkono wake au kwa fedha yake.

Sipendi, hata hivyo, kuwahukumu wazazi kwa ukali. Baba wa mvulana yule ni mpakiaji wa magunia, na mama yake huondoka alfajiri kwenda sokoni Kagio. Warudipo, usiku umekwisha kuingia, na chakula bado. Kumwambia mtu kama huyo akae na mwanawe asuke kiondo ni kumwagiza kitu asichokuwa nacho, yaani saa mbili za mchana. Mkonge una bei, waya una bei, na karatasi ngumu ya manila ina bei. Nyanya wa kusokota uzi hayupo katika kila nyumba. Tukiyasahau hayo, kazi za mikono zitakuwa mashindano ya mifuko ya wazazi, na yule mwenye nyanya au mwenye fedha atamshinda siku zote mwenye upungufu wa vyote viwili. Kwa sababu hiyo nimeacha kuagiza kazi kubwa zifanyiwe nyumbani. Tunazianza darasani pamoja, mimi nikichukua mahali pagumu, na mtoto huchukua nyumbani sehemu ambayo mkono wake waiweza. Arudipo simwulizi kwanza kama kitu ni kizuri. Namwuliza ni wapi palimshinda na alifanyaje.

Wala mtu asidhani kuwa nasifu upogo. Kiondo kilichovimba kimevimba, na sukari ikitiwa ndani hulala upande. Nyanya yule hakumwambia mjukuu wake kuwa uvimbe ni uzuri. Alimwambia akisuke cha pili. Cha pili nimekiona, na ubavu wake umenyooka kuliko wa kwanza, ingawa mdomo bado una ukaidi wake. Mwalimu anayemsifia mtoto kila kitu humdanganya vile vile kama mzazi anayemmalizia.

Sasa nakugeukia wewe msomaji kijana, maana yamkini jambo hili lakuhusu zaidi ya udhaniavyo. Katika nyumba nyingi za kwetu si baba wala mama anayemaliza kazi ya mtoto mdogo, bali ni kaka au dada aliye likizoni kutoka shule ya sekondari. Wewe wajua kukunja waya. Mdogo wako hajui. Amekaa mbele yako na koleo kubwa kuliko mkono wake, gurudumu lake lina pembe kama yai lililobonyea, na ulimi umemtoka kwa bidii. Mkono wako unakuwasha. Wasema moyoni kuwa unamhurumia, nami nakubali kuwa huruma ipo. Lakini jichunguze vizuri. Pengine imo pia haraka ya kutaka kumaliza ukacheze mpira, na imo tamaa ndogo ya kusikia gari hilo likisifiwa na kujua siri kuwa sifa ni zako. Mimi nimezikuta zote tatu moyoni mwangu mwenyewe, wala sikuweza kuzitenga moja na nyingine.

Nina mtoto wa miaka sita. Juzi jioni aliketi kizingitini akitengeneza tingatinga kwa waya, vifuniko vya chupa na kipande cha ndara kuukuu. Nilimkunjia fremu ya chini kwa kuwa waya ule ulikuwa mgumu, nikamwachia mengine. Aliyafunga magurudumu ya mbele yakatazamana kama watu wanaogombana. Alijaribu kulisukuma, likazunguka mahali pamoja. Akanitazama. Nilikuwa nimekwisha kunyosha mkono kabla sijatambua, nikaurudisha, nikaenda jikoni kuchagua mchele. Kutoka huko nilimsikia akilifungua gurudumu moja, akilaumu waya, akilifunga tena. Giza lilipoingia lilikuwa bado lavuta kushoto. Alililaza karibu na kitanda chake, akaniambia nisiliguse, kesho ataendelea.