"Negrito": Maana ya Neno Ni ya Msemaji au ya Msikilizaji?



Vijana wenzangu, leo tuanze na mpira, halafu tutafika kwenye Amri ya Nane.

Tarehe 29 Novemba 2020 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Huko Southampton, Manchester United walikwenda mapumziko wakiwa nyuma 2–0. Kipindi cha pili akaingia Edinson Cavani, raia wa Uruguay, ambaye hakuwa na hata miezi miwili klabuni. Akatoa pasi ya bao moja, akafunga mawili mwenyewe, la ushindi likiwa dakika za nyongeza. Mechi ikaisha 3–2. Mashabiki wa United mnaikumbuka. Wa timu nyingine, vumilieni kidogo.

Baada ya mechi rafiki yake mmoja akampongeza Instagram, naye akajibu kwa maneno mawili ya Kihispania: Gracias negrito. Gracias ni asante. Negrito, ukilivunja kwa kamusi, ni "mweusi mdogo".

Basi, mtandao wote ukageuka darasa la lugha. Watu ambao hawajawahi kusoma Kihispania hata siku moja wakawa wataalamu. Wengine: huyu ni mbaguzi, afungiwe. Wengine: nyie hamjui kitu, kwao hilo ni sawa na "mshikaji wangu". Cavani akafuta ujumbe na kuomba radhi. Chama cha Soka cha Uingereza, FA, kikamshitaki, akakubali shitaka, na tarehe 31 Desemba akafungiwa mechi tatu na kutozwa faini ya pauni 100,000. Jopo lililomwadhibu lenyewe lilikubali kwamba hakukusudia ubaguzi. Huko Uruguay, Akademia ya Taifa inayosimamia mambo ya lugha ikatoa tamko kali: FA wameonyesha kutojua lugha wala utamaduni wa watu wengine.

Hivi nani alikuwa sahihi? Au tuulize hivi: maana ya neno inakaa wapi, moyoni mwa anayesema au masikioni mwa anayesikia?

Tuanze na msemaji. Fikiria mgeni amefika Dar na kamusi yake mkononi. Anasikia kijana akimsalimu mwenzake, "Mambo vipi, mchizi wangu?" Anatafuta: chizi, mwendawazimu. Anaandika kwenye daftari: vijana wa hapa hutukanana tangu asubuhi. Sisi tutacheka, maana tunajua "mchizi wangu" ni mtu wa karibu. Au mama anayemwita mwanaye "kibonge changu" huku anambeba. Uruguay ni hivyohivyo. Mke humwita mumewe "mnene" hata kama ni mwembamba kama fimbo, na rafiki humwita rafiki "mweusi" bila kuangalia rangi ya ngozi yake. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichotoka mwaka 1953, miaka miwili baada ya kifo chake, alitufundisha tusitafute maana ya neno mbali na namna watu wanavyolitumia katika maisha yao. Kwa hoja hiyo, Cavani hakumtukana mtu.

Lakini subiri. Oktoba 2011, uwanjani Anfield, Mruguay mwingine, Luis Suárez wa Liverpool, alimwita Patrice Evra wa United "negro". Naye alijitetea kwamba kwao neno hilo ni la kirafiki. Jopo likawasikiliza wote wawili, likawauliza wataalamu wa Kihispania cha Amerika Kusini, likaona kwamba neno lilitoka katikati ya ugomvi. Nani huita mtu "rafiki yangu" huku wanagombana? Akafungiwa mechi nane. Shina la neno ni lilelile na nchi ni ileile, ila matumizi ni tofauti kabisa. Kwa hiyo "kwetu ni kawaida" si kinga ya kila kitu.

Sasa msikilizaji. Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipochambua dhambi ya matusi katika Summa Theologiae, alisema ukweli wa kwanza tunaoupenda: uzito wa maneno unategemea nia ya anayeyasema. Ila hakuishia hapo. Akaongeza kwamba mtu akitupa maneno bila kufikiri, anaweza kumvunjia mwenzake heshima kwa namna nzito hata kama hakukusudia, kama vile mtu anayempiga mwenzake kwa utani na kumjeruhi kweli. Jeraha haliulizi kama ulikuwa unatania.

Na hapa sisi Waafrika hatusomi habari za watu wengine. Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, uliwahi kuwa bandari ya kushushia watumwa kutoka Afrika. Neno "negro" lilisafiri kwenye meli hizo, na baadaye likaingia majumbani na kupata upole. Lakini mtoto mweusi anayesoma ujumbe ule akiwa Manchester au Mwanza hana lazima ya kujua upole huo. Anachojua ni kwamba rangi yake imetajwa. Ukimwambia "acha kulialia, jifunze Kihispania", umeongeza jeraha juu ya jeraha.

Basi tumekwama? Hapana. Nadhani tunakwama kwa sababu tunatafuta mmiliki mmoja wa neno. Neno ni kama mkono unaomnyooshea mwenzako: salamu haikamiliki mpaka na yeye atoe wake. Kila upande una deni lake.

Deni la msikilizaji limeelezwa na Mtakatifu Ignasi wa Loyola mwanzoni mwa Mazoezi ya Kiroho, na Katekisimu imelichukua namba 2478, ikifafanua Amri ya Nane. Mkristo mwema awe mwepesi wa kuyapa maneno ya mwenzake tafsiri njema kuliko kuyalaani. Akishindwa, amuulize anayamaanishaje. Akikuta kweli yana ubaya, amsahihishe kwa upendo. Ona kwamba Ignasi hasemi tufumbe macho. Kuuliza kumo, na kusahihisha kumo. Kilichokatazwa ni kuruka hatua, yaani kusoma, kuhukumu na kusambaza kabla hujauliza. Katekisimu namba 2477 inaita hiyo hukumu ya harakaharaka, na ni dhambi hata ukiifanyia moyoni tu.

Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kinaonyesha mwisho wa njia hiyo. Watu wa Gileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani na kumwambia kila anayepita atamke "Shiboleti". Aliyesema "Siboleti" alijulikana ni Mwefraimu, akachinjwa. Walikufa 42,000. Hakuna aliyeulizwa ana nini moyoni, ulimi ulitosha.

Deni la msemaji liko kwa Mtume Paulo, Wakorintho wa Kwanza, sura ya 8. Nyama iliyotolewa kwa sanamu haina neno, anasema, kwa kuwa sanamu si kitu. Lakini kama kula kwangu kunamkwaza ndugu yangu, naiacha. Paulo hakubali kwamba amekosea, ila anaiacha haki yake kwa ajili ya mtu. Cavani alifanya kitu cha karibu na hicho. Alisema haafikiani na mtazamo wa FA, lakini akaiheshimu adhabu, akaomba radhi kwa aliyeumia, akaitumikia.

Sasa mtego wetu uko hapa. Madeni haya tunapenda kuyadai badala ya kuyalipa. Nikikosea mimi, nakukumbusha Ignasi: nielewe vizuri bwana! Ukikosea wewe, nakukumbusha Paulo: kwa nini umenikwaza? Tena ikitokea mchezaji ni wa timu yangu, mimi ni wakili. Akiwa wa timu pinzani, mimi ni hakimu. Hapo hatutafsiri tena maneno, tunatafsiri jezi. Na hatufanyi hivyo kwa mpira tu. Tunafanya kwa kwaya nyingine, kwa parokia jirani, kwa watu wa kabila fulani au chama fulani.

Jaribu hili wiki hii. Ukikutana na posti inayokuchemsha, jiulize: kama angeiandika mtu ninayempenda, ningeisomaje? Na kabla hujaposti wewe, jiulize: nani ataisoma ambaye hajui utani wetu? Ukiona skrini shoti ya maneno ya mtu inazunguka kwenye grupu la vijana, mpigie mwenyewe simu kabla hujaipeleka mbele. Ukishindwa kumpigia, usiitume.

Ee Bwana, uweke mlinzi midomoni mwetu, na mwingine kwenye vidole vyetu. Amina.