Majuto Ni Mjukuu, Basi Alelewe

Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kuanzia Kanduyi hadi Kitale, methali hii imekuwa kiboko cha kuwatishia vijana wasiosikia. Sina ugomvi na onyo hilo. Lakini aliyekwisha kukosea naye anaambiwa nini?

Tazama mashamba yetu. Trans Nzoia mahindi hupandwa Machi na Aprili, yakavunwa kuanzia Oktoba. Januari karo inabisha hodi, dalali anafika na lori, gunia la kilo 90 linaondoka kwa bei aitakayo yeye. Ikifika Juni, mwenye shamba yuko sokoni ananunua mahindi kwa gorogoro. Majuto hayo yana dawa: msimu ujao abakize ya kula. Sasa mfikirie aliyeuza ekari mbili za urithi kule Kiminini. Pesa ziliisha, na kila akipita barabarani huona mahindi ya mwingine yamestawi mahali kitovu chake kilipozikwa. Shamba halirudi.

Huyo huambiwa asahau, yaliyopita si ndwele. Wanaomwambia hivyo wanamhurumia, ila wanamharakisha. Wahenga wangeweza kuyaita majuto mwizi, wameyaita mjukuu. Mjukuu ni damu yako, na kwa Wabukusu aghalabu hubeba jina la mzee aliyetangulia. Hata akija usiku, kukhu, yaani nyanya yake, humfungulia mlango akampa chakula. Hata hivyo hamkabidhi nyumba. Nimeona watu waliokabidhi: hawakai tena barazani, hawawatazami wanao usoni, kosa la siku moja limemeza wema wa miaka.

Tena mjukuu huja baadaye, na humo mna faraja tunayoipita mbio. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilipoanza kusaga miwa mwaka 1978, wapo wakulima wa Bungoma walioitoa ardhi yao karibu yote kwa miwa. Ikasomesha watoto, ikajenga nyumba za mabati. Miaka ya malipo kuchelewa ilikuja nyuma sana. Anayejihukumu leo kwa kupanda miwa anatumia macho ambayo siku ile hakuwa nayo. Ajute, ndiyo, kwa sababu asiyejali hajuti. Ila asijiite mpumbavu.

Kumlea mjukuu huyu ni kazi ya mdomo pia. Kenya, shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi, na kabla ya kufika huko familia nyingi hukaa kikao. Mpwa wake akitaka kuuza, yule mzee wa Kiminini asijifiche nyuma ya wenzake. Ataje alicholipwa, alichonunua, na mwezi pesa zilipokwisha. Neno lake litakuwa zito kuliko la wakili, kwa kuwa yeye amelipa. Ekari zake mbili hazitarudi kwa kusema hayo. Za mpwa wake huenda zikabaki.